Jinsi ya kuandika riviu ya riwaya ambayo mtu wa kawaida ataisoma mpaka mwisho

Mpe mtu yeyote aliyepita sekondari kwetu huku riwaya nzuri, mwambie aiandikie riviu, mara nyingi kitakachotoka ni jibu la mtihani. Ataanza na jina la mwandishi, ataingia kwenye dhamira, ataorodhesha wahusika wakuu na wadogo, atapita kwenye mandhari, muundo na mtindo, halafu atafunga na kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi kifani na kimaudhui. Ndo tulivyofundishwa wote. Takadini na Watoto wa Mama N'tilie tulizisoma hivyo, wenzetu wa Kenya wakasoma Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri hivyohivyo, na kwa kujibu mtihani njia hiyo inafanya kazi vizuri tu, sina ugomvi nayo kabisa. Shida ni kwamba anayesoma riviu yako sio msahihishaji, hana kalamu nyekundu, hatafuti pointi sita zenye mifano, na ukimwandikia kama msahihishaji anafunga ukurasa aya ya pili.

Msomaji wako ni dada anayetoka kazini Posta, Dar es Salaam, amesimama kwenye basi la mwendokasi, simu mkononi chaji inakaribia kuisha, ana hela kidogo aliyoitenga ya kitabu mwezi huu na anataka kujua aiweke wapi. Hahitaji kuambiwa kama muundo ni wa moja kwa moja au ni rejea. Anataka kujua stori inahusu nini, ikoje ukiwa ndani yake, inahitaji nguvu kiasi gani kuisoma, na wewe uliyeisoma umeionaje kwa kweli, yaani kwa kweli ya moyoni sio ya heshima. Kila kitu nitakachosema hapa chini kinamlenga huyo dada.

Ili tusiongee hewani nitatumia riwaya moja kama mfano karibu muda wote, nayo ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, mwaka huohuo ikaingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker, mwandishi akaja kupata Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 wachapishaji Mkuki na Nyota wakaitoa kwa Kiswahili, mfasiri akiwa Ida Hadjivayanis ambaye anafundisha Kiswahili pale chuo kikuu cha SOAS, London. Miaka 28 kitabu kinachohusu pwani yetu na bara yetu kilikuwa hakisomeki kwa lugha ya watu wanaosimuliwa humo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndo maana nataka riviu zake ziwe nyingi na ziwe nzuri.

Anza na kusoma, na usome chote. Kuna riviu zinaandikwa na watu waliosoma kava ya nyuma na kurasa arobaini za mwanzo, na inajulikana tu, mtu anayekijua kitabu anaigundua ndani ya sentensi mbili. Ukishindwa kumaliza usiandike riviu, au andika wazi kwamba umeishia ukurasa fulani na sababu ni hii, hiyo nayo ni habari ya maana kwa msomaji.

Mara ya kwanza soma kama mtu anayesoma kwa raha zake ila weka penseli karibu, na kama kitabu ni cha kuazima piga picha ya ukurasa kwa simu, usichafue kitabu cha watu. Usiandike pembeni "dhamira: utumwa". Weka alama pale ambapo kitu kimekutokea wewe, yaani umerudia sentensi mara mbili kwa sababu ilikuwa tamu, umechoka ukaanza kuhesabu kurasa zilizobaki, umemkasirikia mhusika mpaka ukataka kumwambia kitu, umepotea hujui sasa nani anaongea, umepitiliza kituo. Hizo alama ndo malighafi yako. Ukimaliza kitabu ukazipitia utaona zenyewe zinajipanga, labda zote za uchovu ziko katikati, labda zote za furaha ziko pale anapotokea mhusika mmoja tu, na hapo tayari unajua kitu kuhusu kitabu ambacho hakuna notsi za shule zingekuambia.

Halafu kabla hujazifungua tena hizo alama, kaa siku moja au mbili, chukua karatasi uandike kwa kumbukumbu tu kilichobaki kichwani. Hapa usijibane. Kwangu mimi kilichobaki kwenye Peponi sio ule msafara mrefu wa kwenda bara, japo ndo sehemu yenye matukio mengi, ni ile bustani. Yusuf ni mtoto wa miaka 12, kachukuliwa kwao akaletwa kwa tajiri Aziz, ambaye mtoto huyo alizoea kumwona kama mtu wa familia, na nyumba ya huyo tajiri ina bustani ya ukuta, ndani kuna maji na miti ya matunda na kivuli, na mtoto anaitamani kuliko kitu chochote. Usiku lakini analala nje, barazani mbele ya duka, yeye na Khalil, kijana aliyemtangulia kufika pale. Wote wawili wako pale kwa sababu ya madeni ya baba zao. Kwa hiyo ukuta ni mmoja, upande huu pepo, upande huu watoto walioletwa rehani.

Sasa angalia tofauti. Riviu ya kishule ya kitabu hichohicho ingesema hivi:

"Mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kutuonyesha dhamira mbalimbali kama vile utumwa, ukoloni, unyonyaji, mapenzi na nafasi ya mwanamke katika jamii. Ametumia lugha rahisi na yenye kueleweka, iliyosheheni tamathali za semi. Kitabu hiki ni hazina kwa jamii."

Hakuna uongo hata mmoja humo, ila pia hakuna Peponi humo. Toa jina la mwandishi weka lingine, maneno hayohayo yanakaa kwenye riwaya nyingine hamsini. Sasa jaribu hivi:

"Yusuf analala barazani. Nyuma ya ukuta, hatua chache tu kutoka kwenye mkeka wake, kuna bustani ambayo hajawahi kuona nzuri kama hiyo, na Gurnah anatuacha tuitamani pamoja naye kwa muda mrefu kabla hatujaanza kujiuliza ni nani anayelipia uzuri wake. Hakuna pingu kwenye nyumba hii, hakuna viboko, tajiri mwenyewe ni mpole na ananukia vizuri. Hapo ndipo kitabu kinapotisha."

Dada wa kwenye mwendokasi sasa ameona kitu. Ana mtoto, ana mkeka, ana ukuta, ana tajiri mpole. Utumwa ameuelewa bila kuandikiwa neno utumwa, na zaidi ya hapo ameelewa ni utumwa wa namna gani anaokwenda kuusoma, ule wa adabu na upole ambao anayefungwa anaweza asijue kwamba amefungwa. Hiyo ndo kazi yote ya riviu ya riwaya za namna hii, kuchukua kitu kimoja au viwili kutoka ndani, uviweke karibu na macho ya msomaji mpaka avione vizuri, halafu useme vimekufanyia nini. Dhamira itakuja yenyewe ikitembea nyuma ya hivyo vitu. Na chagua vichache! Ukiweka kumi unarudi kulekule kwenye orodha.

Mwanzo wa riviu watu wengi wanauharibu kwa wasifu wa mwandishi. Kila anayeandika kuhusu Gurnah anaanza na mwaka 1948, kuzaliwa Zanzibar, kwenda Uingereza, Nobel, na mpaka amalize msomaji ameshashuka kituoni. Mambo hayo ni muhimu na usiyaache, ila yanakaa kwenye sentensi moja aya ya pili au ya tatu, pale yanaposaidia. Anza na kitabu chenyewe. Anza na mtu aliyemo, au swali ambalo kitabu kinaliuliza, au hata anza na hukumu yako moja kwa moja, "hii ni riwaya ngumu kuipenda kwa kurasa thelathini za mwanzo na baada ya hapo ni ngumu kuiacha," msomaji anajua tayari unakwenda wapi na anataka kujua kwa nini.

Kuhusu kusimulia stori, hapa ndo wengi wanauliza sana, niseme kiasi gani nisiharibu utamu? Mimi nashika kanuni ya theluthi. Kile kinachotokea kwenye theluthi ya kwanza ya kitabu unaruhusiwa kukisema kwa kuchagua, baada ya hapo sema hali tu usiseme matukio. Chukua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999. Unaweza kusema kwamba Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa mzee Raza, kwamba ndoa inamshinda, kwamba watu wake wanamkataa na anayempokea ni Mwajuma, na kwamba anakutana na Denge, kijana aliyeamua kupambana na serikali ya Waingereza pale Zanzibar. Hapo simama. Yanayowapata Yasmin na Denge baadaye muachie msomaji, wewe sema tu kwamba kadiri kitabu kinavyokwenda mapenzi na siasa vinavutana kila kimoja upande wake, inatosha. Mwisho wa Peponi pia sitausema hapa, japo ukurasa wa mwisho ni mojawapo ya kurasa ambazo ningependa sana kuzijadili, na ukiwa na hamu hiyo kwenye kitabu chochote basi ijadili na mtu aliyekwishasoma, msikae kuijadili mbele ya ambaye bado hajasoma.

Halafu jamani Vuta N'kuvute imetengenezewa filamu, ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ni filamu nzuri na ikaonyeshwa Toronto, lakini filamu ni filamu na kitabu ni kitabu. Kama unahakiki kitabu hakikisha unachokisema kimo kitabuni.

Twende kwenye lugha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu inayoandikwa vibaya kuliko zote. "Ametumia lugha rahisi." Rahisi kwa nani? Mtu wa Unguja akisoma mazungumzo ya Shafi anasikia mtaa wake, anacheka mahali ambapo mtu wa Mwanza au Nakuru inabidi asimame kidogo afikirie, na wote wawili ni wasomaji wako. Badala ya kusema rahisi au ngumu, sema inasikikaje. Sentensi ni fupi zinakimbia au ni ndefu zinazunguka? Watu wakiongea unawajua kwa sauti bila kuambiwa nani kasema au wote wanaongea kama mwandishi? Kuna kuchekesha? Mwandishi anaeleza kila kitu au anakuacha ujaze mwenyewe? Gurnah kwa mfano hapandishi sauti, mambo mazito kabisa anayasema kwa sauti ileile anayotumia kuelezea chai na mikate, na msomaji aliyezoea riwaya zinazolia na kupiga kelele inabidi aambiwe mapema ili asidhani hakuna kinachotokea.

Na unukuu. Msomaji anastahili kuonja mwenyewe, sentensi mbili au tatu, na namba ya ukurasa. Usichague ile sentensi ya kupendeza kuliko zote kitabuni kwa sababu hiyo itamdanganya, atanunua akidhani kitabu kizima kiko hivyo, chagua iliyo kawaida ya kitabu chenyewe, ile ambayo ukifungua ukurasa wowote unakutana na ndugu zake. Nukuu kutoka kwenye kopi uliyoishika, neno kwa neno, sio kutoka kwenye PDF ya kuungaunga uliyotumiwa ambayo nusu ya herufi zimeliwa, na zaidi ya hapo waandishi wetu wanakula kwa hivi vitabu, wanunuliwe.

Kama kitabu ni tafsiri mtaje mfasiri kwa jina, juu kabisa, sio kwenye mabano mwishoni. Kila neno la Kiswahili ulilosoma Peponi limepita mkononi mwa mtu. Kama unasoma lugha zote mbili chukua aya moja, isome huku na kule, uone mwendo umebaki au umebadilika, uwaambie wasomaji. Kama husomi lugha ya asili, zungumzia Kiswahili kilichopo mbele yako kinasomekaje, usijifanye unajua asili ilikuwaje.

Riwaya nyingi za sasa zimekaa kwenye historia, kwa hiyo hakikisha na historia umeipata. Peponi inatokea Wajerumani wakiwa ndo wanashika nchi, miaka michache kabla ya vita ya 1914. Ukiandika kwamba ni enzi za Waingereza, msomaji anayejua anaacha kukuamini na kwenye mambo mengine yote. Kuangalia mwaka ni kazi ya dakika mbili.

Sasa hukumu. Bila hukumu ulichoandika ni muhtasari. Najua inaogopesha, mwandishi ni mkubwa, ana tuzo, wewe ni nani useme sehemu fulani imelegea? Wewe ni mtu uliyesoma, inatosha, mradi uonyeshe ni wapi na kwa nini. Mwandishi wa Marekani John Updike, kwenye kitabu chake cha insha cha mwaka 1975, aliweka kanuni kadhaa za kuhakiki, na ya kwanza ni kwamba ujitahidi kuelewa mwandishi alitaka kufanya nini, usimlaumu kwa kutofikia kitu ambacho hakukijaribu. Nyingine anasema unukuu vya kutosha na usimwage stori nzima, na anasema pia usikubali kuhakiki kitabu ambacho tangu mwanzo moyo wako umeelekea kukichukia, au ambacho urafiki unakulazimisha ukipende. Hiyo ya kwanza ndo naitumia kila siku. Ukisoma Peponi ukalalamika kwamba haina taharuki kama riwaya ya upelelezi unalaumu embe kwa kutokuwa nanasi.

Lakini kuelewa nia ya mwandishi haimaanishi kukubali kila kitu. Mfano kwenye Peponi, wanawake wa nyumba ya Aziz kwa muda mrefu tunawasikia kupitia ukuta, sauti na uvumi tu, na wanapokuja kuongea kitabu kimebakiza njia fupi. Je, ni udhaifu? Unaweza kujibu kwamba Yusuf haruhusiwi kuingia ndani kwa hiyo na sisi hatuwezi kuingia, ni uamuzi wa mwandishi na una mantiki yake. Na bado unaweza kusema, nimeelewa uamuzi, ila nilipowasikia hatimaye nilitamani wangepewa nafasi zaidi, kwa sababu walikuwa na mengi ya kusema kuliko wale wafanyabiashara tuliokaa nao safari nzima. Ndo maoni yangu na mtu mwingine atapinga, sawa, lakini msomaji amepata kitu cha kupimia, anajua kitabu kina nini na mimi nina ladha gani, na akijua ladha yangu hata tukitofautiana riviu yangu inamsaidia. Kusema tu "kuna mapungufu madogo madogo ya kibinadamu" hakumsaidii mtu.

Tofautisha pia kati ya sikupenda na haijafanya kazi. Sikupenda ni habari yako, haijafanya kazi ni habari ya kitabu na inadai ushahidi. Mhusika mwovu niliyemchukia mpaka mwisho huenda ndo amefanya kazi vizuri kuliko wote.

Kuna vitabu ambavyo kanuni ya kusimulia theluthi haivifai kabisa. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ya 1990 na Mzingile ya 1991 ni vitabu vyembamba, ukivishika unadhani utamaliza jioni moja, halafu unaingia ndani hakuna mahali pa kushika, nchi isiyo na jina, watu wanatokea na kupotea, wanafalsafa wa Ulaya waliokufa zamani wanaongea, na stori kwa maana tuliyoizoea haipo. Riviu nyingi za vitabu hivi zinakimbilia majina makubwa ya nadharia na msomaji wa kawaida anaambiwa kwa chinichini kwamba hapa sio kwako. Mimi naona ni dhambi kumfanyia hivyo. Mwambie ukweli kwamba ni vigumu, mwambie ugumu wenyewe uko wapi, halafu mpe mlango wa kuingilia. Mwambie asisome akitafuta nini kitatokea, asome kama anavyosoma shairi refu au kama anavyosikiliza mtu akisimulia ndoto, asome sura moja apumzike, arudie. Mwambie wewe ulishika wapi mara ya kwanza. Mwambie kwamba mwandishi huyuhuyu ndo aliyeandika Rosa Mistika ya 1971 ambayo inasomeka kwa urahisi kabisa, kwa hiyo kama anataka kumzoea aanzie huko kisha apande.

Na tukiitaja Rosa Mistika, hicho ni kitabu kilichowahi kupigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya kusema wazi mambo ya mwili, baadaye kikaja kusomeshwa. Kama riwaya ina ngono, ubakaji, ukatili kwa watoto, sema kwa sentensi moja, kwa utulivu, bila kuhubiri. Mama anayemnunulia binti wa miaka 13 anataka kujua, na mtu aliyepitia mambo hayo anataka kujua pia ili aamue mwenyewe leo au siku nyingine.

Jambo gumu kwetu ni urafiki. Ulimwengu wa vitabu vya Kiswahili ni mdogo, unamjua mwandishi, au unamjua anayemjua, mmekutana kwenye uzinduzi, namba yake unayo, kitabu amekupa mwenyewe kakisaini na kuandika "kwa ndugu yangu". Riviu unayoandika baada ya hapo inakuwa pongezi. Siwalaumu watu, adabu yetu ndivyo ilivyo, kumkosoa mtu mzima hadharani ni jambo zito, ila anayeumia ni msomaji anayetoa hela na mwisho wake ni kwamba haamini tena riviu yoyote ya Kiswahili, hata ile ya kweli. Kama ni rafiki wa karibu, usihakiki, mpigie simu umwambie mazuri na mabaya faragha. Kama unamjua kidogo au kopi umepewa bure, andika hivyo wazi kwenye riviu. Na ukikosoa, kosoa ukurasa, sio mtu, usiingie kwenye elimu yake wala kabila lake wala umri wake. Heshima inakaa kwenye namna ya kusema, "sura ya nne inarudia kile ambacho sura ya pili imeshatuonyesha" ni sentensi ya adabu kabisa na ni kali.

Nyota tano nyota nne kwangu hazina kazi sana. Ukipenda kuzitumia zitumie ila ueleze, maana nyota tatu za mtu mkarimu na nyota tatu za mtu mgumu ni vitu viwili tofauti.

Ukimaliza kuandika kata. Maneno 600 mpaka 800 yanatosha riwaya moja, labda 1000 kama kitabu ni kikubwa. Soma kwa sauti, kwa sauti kweli sio moyoni, na pale ulimi unapojikwaa ndo pa kurekebisha. Futa "kwa kiasi kikubwa", futa "mwandishi nguli", futa "hazina" na "lulu" na "chenye mafunzo kemkem", futa "katika ulimwengu wa leo". Angalia kila sifa uliyotoa kama kando yake kuna kitu kutoka kitabuni, kama hakuna tafuta au ifute. Aya ya mwisho isiwe "nawashauri wote wakisome", sema nani atakifurahia na nani kitamchosha, kwa mfano Peponi nitampa mtu anayependa kusoma polepole, anayependa safari na historia, na sitampa mtu anayetaka kila sura imalizike na mshtuko.

Juu au chini weka taarifa za kitabu: jina, mwandishi, mfasiri kama yupo, mchapishaji, mwaka wa toleo ulilosoma, idadi ya kurasa, bei uliyonunulia na ulinunua wapi, iwe duka la TPH pale Samora, Dar es Salaam, au Text Book Centre Nairobi au kwa muuza vitabu wa mtaani. Hiyo ya bei na mahali wengi wanaiacha na ndo swali la kwanza atakalouliza kila mtu. Majina yaandike kama yalivyo kwenye kava, Abdulrazak kwa k, Euphrase kwa ph, na Shafi utamkuta kopi nyingine kaandikwa Adam Shafi tu, fuata kopi yako.

Ukishaitoa watu wataongea. Ukiwa umekosea jina au mwaka rekebisha siku hiyohiyo na uandike kwamba umerekebisha. Mwandishi akikasirika usijibizane naye, amefanya kazi ya miaka na wewe umefanya ya wiki, mwache aseme. Ila msomaji akikupinga juu ya hukumu yako muulize ni ukurasa gani anaousemea, fungua kitabu chako muusome wote wawili, na kama ana hoja iweke chini ya riviu yako ili atakayekuja baadaye azikute zote mbili.